Mtoto na Mlezi Wake: Jinsi Malezi ya Miaka ya Kwanza Yanavyomjenga Mtu Mzima

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, Nariokotome)



Kazi yangu katika chama hiki ni kuandika yanayosemwa na wengine, wala si kusema. Lakini Kamati imeniagiza nisome maneno machache juu ya malezi ya watoto wachanga, kwa sababu liko shauri mbele yetu ambalo haliwezi kukatwa vema kabla hatujalifikiri jambo hilo. Naomba mnivumilie. Nitakapokosea, wazee watanisahihisha, maana wamelea watoto wengi kuliko vitabu nilivyosoma mimi.

Shauri lenyewe mwalijua. Tangu ukame ule wa mwaka 2020 hadi 2023, mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo na mifugo ikafa kwa wingi, nyumba nyingi zimetawanyika. Baba wengine wamekwenda kutafuta kazi Lodwar, Kakuma na hata Kitale. Mama wengine wameshukia ufuoni Kalokol kukausha samaki. Watoto wadogo wameachwa kwa nyanya zao, kwa shangazi na kwa majirani, na wako waliohamishwa nyumba hii na ile hata hawajulikani tena ni wa nani. Baadhi ya wanachama wanataka fedha zetu zijenge nyumba moja kubwa, watoto hao wote walazwe na kulishwa pamoja, hata wale wasiojua kutembea. Wengine wanasema fedha hizo ziwafuate watoto huko huko waliko. Pande zote mbili zina huruma, na hakuna katika sisi anayewatakia watoto mabaya. Neno la kuuliza ni hili: mtoto mdogo ahitaji nini, naye akikikosa, huwa mtu wa namna gani atakapokuwa mkubwa?

MTOTO ALIYELIJULISHA JINA LETU

Jina la Nariokotome limekwenda ulimwenguni kote kwa ajili ya mtoto. Mwezi wa Agosti 1984, Kamoya Kimeu, mwana wa Kenya aliyekuwa hodari kupita wote katika kazi ya kutafuta mifupa ya kale, aliona kipande kidogo cha fuvu la kichwa karibu na mto wetu. Yeye na wenzake, pamoja na Richard Leakey na Alan Walker, walipochimba walipata sehemu kubwa ya mifupa ya mwili mmoja, ya mtoto wa kiume aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Urefu wake ulikuwa karibu sentimita 160, hata mtu angemdhani kijana wa kubalehe. Lakini wataalamu waliochunguza meno yake walisema kwamba huenda alikuwa na umri wa miaka 8 au 9 tu. Alikua upesi kuliko wakuavyo watoto wetu.

Tangu zamani hizo wanadamu wamezidi kuchelewa kukua. Mwana-mbuzi akizaliwa asubuhi, jioni husimama na kumfuata mamaye. Mtoto wa mtu hukaa karibu mwaka mzima asiweze kusimama, na miaka mingi asiweze kujilisha. Ubongo wake huendelea kukua sana akiwa nje ya tumbo, mikononi mwa watu. Basi mtu yule anayemchukua ndiye ulimwengu wake wa kwanza. Kwake hujifunza kama ulimwengu huitika mtu akilia, au kama hunyamaza.

MWAMBATANO NI NINI

Wataalamu wa tabia za watu wana jina la kifungo hicho kati ya mtoto na mlezi wake. Mimi nitakiita mwambatano. Mtoto hazaliwi nacho kimekamilika. Miezi ya kwanza hupokea mkono wa mtu ye yote. Lakini afikapo kama miezi 6 au 7, huanza kuchagua. Huyu akiondoka hulia, na yule mgeni akija hujificha. Wengi husema mtoto amedeka. Sivyo. Wakati huo ndipo mwambatano unapoanza kuonekana.

Kila mchungaji aliyekaa na mbuzi anaweza kuufahamu mwambatano. Mwana-mbuzi mwenye mama karibu huenda mbali kidogo, akanusa kijiti, akaruka juu ya jiwe, kisha akarudi mbio kumgusa mamaye, halafu akaenda tena. Aliyepotewa na mama hachezi. Husimama mahali pamoja akilia, au huifuata miguu ya kila apitaye. Mtoto naye ni vivyo hivyo. Aliye na hakika ya mlezi wake huthubutu kwenda mbali. Ujasiri wake hutoka katika ule uhakika kwamba yuko mtu wa kurudia.

Zamani wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walidhani kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Mwaka 1951 Daktari John Bowlby wa London aliandika taarifa kwa ajili ya Shirika la Afya Ulimwenguni, akasema kwamba mtoto mchanga ahitaji ukaribu wenye upendo usiokatika na mama yake, au na mtu adumuye mahali pa mama, na kwamba akiukosa aweza kudhurika. Wengi walimbishia. Mwaka 1958 Harry Harlow wa Marekani alieleza jinsi alivyowawekea watoto wa nyani sanamu mbili: moja ya waya tupu, nyingine iliyovikwa kitambaa laini. Hata ile ya waya ilipokuwa ndiyo yenye chupa ya maziwa, watoto wale walikwenda kwayo kunyonya tu, kisha wakarudi kuikumbatia ile ya kitambaa. Walipoogopa, walikimbilia kitambaa, si maziwa.

Mwingine aliyesaidia ni James Robertson, ambaye mwaka 1952 alionyesha picha ya sinema ya msichana wa miaka 2 aliyelazwa hospitalini siku 8. Siku zile, katika hospitali nyingi za Uingereza, wazazi hawakuruhusiwa kukaa na watoto wao. Waliotazama waliona mtoto yule akilia kwanza, kisha akitulia na kunyamaza. Wauguzi waliozoea kazi hiyo walidhani ukimya ule ni kuzoea. Robertson akawaonyesha kwamba ni huzuni. Mwaka 1959 kamati ya serikali huko ikashauri wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao wakati wo wote. Wazee wangu, neno hili tulishike: mtoto asiyelia si lazima awe mtoto aliyetulia.

YALIYOONEKANA HAPA KWETU AFRIKA YA MASHARIKI

Labda mtu atauliza, je, hayo si mambo ya Wazungu? Jibu lake ni la ajabu kidogo, maana sehemu kubwa ya elimu hii ilianza kwa jirani zetu. Mwaka 1954 mwanamke mmoja, Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Daktari Bowlby, alikuja Kampala, akashirikiana na chuo cha uchunguzi wa jamii kilichokuwa Makerere. Alikwenda katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala pamoja na mkalimani, akawatembelea akina mama 26 wenye watoto 28, akirudi katika nyumba zile zile kila baada ya wiki mbili kwa muda wa miezi mingi. Alikaa sebuleni akaangalia: nani anamchukua mtoto, mtoto akilia nani anainuka, mama akitoka mtoto anafanya nini. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967.

Aliona kwamba watoto hawakuwa sawa. Wako waliokuwa na hakika ya mama zao: walilia kidogo, wakatambaa mbali, wakarudi. Wako waliolia sana hata wakiwa mapajani. Na wako walioonekana hawajaambatana bado na mtu. Tofauti haikuwa ya mali. Akina mama wa watoto wa kundi la kwanza walikuwa wale waliojua habari ndogo ndogo za watoto wao, wakaweza kuzieleza bila kufikiri: hupenda hiki, huogopa kile, akisinzia hufanya hivi. Waliangalia, wakaelewa, wakaitika. Mary Ainsworth aliendelea na kazi hii Marekani, na mpaka leo wanaosoma elimu ya malezi hujifunza pia yale yaliyoonekana vijijini mwa Buganda.

Basi je, lazima awe mama peke yake? Hapa yatupasa kuwa waangalifu, maana sisi tunasema mkono mmoja haulei mwana. Katika msitu wa Ituri, nchi ya Kongo, wachunguzi waliwaona watoto wa Waefe wakipokezanwa na watu wengi tangu siku za kwanza, hata kunyonyeshwa na wanawake wengine, wala hawakudhurika. Huku Kenya, kwa Wagusii, ambako kwa desturi dada mdogo alipewa kazi ya kumbeba mtoto mama akiwa shambani, wachunguzi walioandika mwaka 1986 waliona kwamba mtoto huambatana na mama, na pia huambatana na yule dada, kila mmoja kwa namna yake. Waliona hata kwamba mtoto wa Kigusii husubiri asalimiwe kwa mkono mlezi wake arudipo, kama walivyo wazee wake.

Kwa hiyo mtoto aweza kuwa na walezi watatu au wanne. Lakini wawe wale wale, wamjue naye awajue. Kinachomvunja ni watu kubadilika: leo huyu, mwezi ujao yule, na hakuna hata mmoja anayejua analia kwa nini. Mikono mingi ya watu wa boma moja inalea. Mikono mingi ya wapita njia hailei.

YANAYOFUATA MTU AKIWA MKUBWA

Sasa naja kwa jambo linalowahusu wazee moja kwa moja, kwa sababu ni ninyi mnaoketi kuamua ugomvi wa mume na mke, wa ndugu na ndugu.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wa Marekani waliandika kwamba namna tatu zilizoonekana kwa watoto huonekana pia kwa watu wazima katika mapenzi na ndoa. Wa kwanza ni mtu aliye na hakika. Aweza kumtegemea mwenzake na kutegemewa, na wakigombana hupatana. Wa pili huwa na wasiwasi daima. Mwenzake akichelewa sokoni huuliza alikuwa wapi, akijibiwa hauridhiki moyo wake, huuliza tena. Wa tatu hujitenga. Haulizi kitu, haombi kitu, na neno likiwa zito huondoka. Huacha kabla ya kuachwa. Wazee wangu, nikisoma daftari za mashauri yaliyoletwa kwetu, nawaona watu hawa watatu kila mwaka. Sisi huandika kwamba ugomvi ulikuwa juu ya mbuzi au juu ya fedha za samaki. Pengine mbuzi yule ni kisingizio tu.

Huko Minnesota, Marekani, tangu mwaka 1975 wachunguzi waliwafuata watoto wa akina mama maskini, toka kabla ya kuzaliwa hata wakawa watu wazima wenye wenzi wao. Waliona njia ndefu yenye hatua. Aliyekuwa na mwambatano mwema alipokuwa na mwaka mmoja aliweza zaidi kucheza na wenzake shuleni. Aliyeweza hayo shuleni alikuwa na marafiki wa karibu alipokuwa na miaka 16. Na mwenye marafiki kama hao alijua zaidi kuishi kwa amani na mpenzi wake baadaye. Watu wazima hujenga juu ya yale waliyoyaanza. Hata hivyo wachunguzi hao hao wanasema wazi kwamba hili si jambo la lazima. Wako walioanza vibaya wakamaliza vizuri, na wako waliogeuzwa na mashaka yaliyowapata njiani.

Naomba ruhusa niseme habari yangu mwenyewe, si kwa kutafuta huruma. Mama yangu alifariki nilipokuwa na umri wa miaka 2. Baba alikuwa mbali na mifugo. Katika muda wa miaka miwili nililala katika nyumba nne. Sikupigwa wala kunyimwa chakula katika hata moja, nami nawashukuru wote walionipokea. Mwishowe nyanya yangu mzaa mama alikuja kwa miguu, akanichukua, na tangu siku ile sikuhamishwa tena mpaka nilipokwenda shule ya misheni. Walimu walinisifu kwamba ni mtoto mtulivu. Kumbe nilikuwa nimejifunza kwamba kulia hakufai kitu.

Nilipooa, mke wangu alikuwa akienda Lodwar kuuza vikapu vya mkoma, siku tatu au nne. Arudipo, mimi simwamkii. Nilikaa kimya siku mbili, tatu, nisijue kwa nini. Alidhani nina mwanamke mwingine. Shauri likafika kwa wazee. Mzee mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu unayemnyamazia siye aliyekuacha." Sikuwa na jibu. Niliondoka nikaketi chini ya mti mpaka jua likatua. Tangu siku ile, mke wangu akirudi safari hujilazimisha kwenda kumpokea mzigo njiani. Mwaka wa kwanza ilikuwa kazi. Sasa si kazi sana. Mzee yule hakusoma vitabu hivi, lakini alijua. Nasema haya ili mtu asiondoke hapa akifikiri kwamba aliyeharibikiwa utotoni ameharibika milele. Hutengenezwa na nyanya asiyeondoka, na mwenzi mwenye subira, na mzee asemaye kweli kwa upole. Lakini kutengeneza mtu mzima ni kazi ndefu kuliko kumtunza mtoto mchanga asivunjike.

NYUMBA KUBWA AU NYUMBA NYINGI NDOGO

Narudi sasa kwa shauri letu.

Nchi ya Romania ilikuwa na watoto zaidi ya laki moja katika nyumba za serikali wakati utawala wa Ceaușescu ulipoanguka mwezi wa Desemba 1989. Wengi wao hawakuwa mayatima. Walikuwa na wazazi maskini walioambiwa kwamba serikali italea vema kuliko wao. Walilishwa kwa saa, wakavishwa, wakalazwa vitanda kwa safu. Walezi walikuwa wachache na wa zamu. Tangu mwaka 2000 wachunguzi waliwafuata watoto 136 wa nyumba za mji wa Bucharest; nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, wakapelekwa kwa wazazi wa kulea. Waliopelekwa walipata nafuu kubwa katika akili na katika mwambatano. Na waliopata mlezi wa kudumu kabla ya kufikisha miaka 2 hivi walipona zaidi kuliko waliochelewa. Siku za mtoto mchanga haziningojei mimi nimalize kujenga.

Habari nyingine ni ya Kingston, nchi ya Jamaica. Miaka ya 1986 na 1987 walichaguliwa watoto 129 waliodumaa kwa njaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Kwa miaka miwili wengine walipewa chakula cha kuongezea nguvu, na wengine walitembelewa nyumbani mara moja kila wiki na mfanyakazi wa afya, akawafundisha mama zao kucheza na kuzungumza na watoto kwa vitu vilivyookotwa pale nyumbani. Baada ya miaka 20, wale waliotembelewa walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa kama sehemu moja katika nne, na ugomvi na huzuni vilipungua kwao. Chakula peke yake hakikuacha alama ya kudumu namna hiyo. Sisemi chakula si kitu. Katika nchi yetu, ambako utepe wa kupimia mkono wa mtoto unajulikana katika kila boma, hakuna asemaye hivyo. Nasema kwamba mtoto ahitaji chakula na mtu, naye apewe vyote viwili kwa mkono mmoja.

Kenya nayo imekwisha kuamua njia yake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na Mpango wa Taifa wa kurekebisha malezi wa mwaka 2022 hadi 2032, vinataka mtoto alelewe katika jamaa, na nyumba ya kulelea watoto iwe kimbilio la mwisho, tena kwa muda.

Najua maneno ya wenzangu wanaotaka nyumba. Wanasema nyanya hawa wamezeeka na hawana kitu. Ni kweli. Nami nimewaona wakija ofisini, mtoto mgongoni, wakingojea tangu alfajiri. Lakini kama shida ya nyanya ni njaa, dawa yake ni kumwondolea njaa, si kumwondolea mtoto. Wanasema pia kwamba nyumba itaonekana, na wafadhili watauona ukuta wenye jina la chama. Hilo nalo ni kweli. Mbuzi wa maziwa aliyefungwa nyuma ya nyumba ya bibi kizee hapigwi picha. Hata hivyo chama chetu kilianzishwa kwa ajili ya maslahi ya watu, si kwa ajili ya kuta.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, Kamati inaleta mambo manne mbele ya Mkutano.

Kwanza, mtoto aliye chini ya miaka 5 asiondolewe katika jamaa yake ikiwa yuko hata ndugu mmoja anayemjua na kumtaka. Fedha zimfuate huyo ndugu: chakula cha kila mwezi, na mbuzi wenye maziwa pale wanapoweza kulishwa.

Pili, tuandike daftari ya kila mtoto aliyeachwa, toka Kataboi mpaka Lowarengak: ni nani anayelala naye, na amehamishwa mara ngapi. Mtoto aliyehamishwa mara mbili asihamishwe mara ya tatu pasipo wazee kuketi.

Tatu, tuchague akina mama wachache wenye moyo wa kutembelea nyumba hizo kila wiki, kila mmoja na nyumba zake zile zile, wala wasipokezane. Ikiwa yuko mtoto asiye na mtu kabisa, atafutiwe mama wa kumlea hapa kwetu kwa kufuata sheria na kwa idhini ya maofisa wa watoto.

Nne, kama bado twataka kujenga, tujenge bweni la watoto wakubwa wa shule ambao nyumba zao ziko mbali na wachungaji. Hao wanajua wametoka wapi na watarudi kwa nani.

MANENO YA MWISHO

Tusisahau jirani zetu wa Kakuma. Kambi ile ilipoanza mwaka 1992, ilipokea maelfu ya wavulana wa Sudani waliotenganishwa na wazazi wao kwa vita, wakatembea mpaka Uhabeshi, kisha wakafukuzwa tena na vita mwaka 1991. Hawakupangwa wote chini ya paa moja. Wengi waliwekwa katika vikundi vidogo vya wavulana waliojuana, na mtu mzima wa kabila lao akawaangalia, na wengine wakapokewa na jamaa za watu wao. Waliitana ndugu, na wengi wanaitana hivyo hata sasa, wakiwa Marekani, Australia na Sudani Kusini. Mtoto aliyenyimwa vyote hutafuta kwanza mtu wa kuambatana naye. Tusipompa mtu mwema, atamtafuta mwenyewe, na pale stendi ya Lodwar mmewaona waliowapata watu wao huko.

Nina ombi moja kwa wazee wanaume. Mwambatano si kazi ya wanawake peke yao. Mtoto humjua pia babu aliyezoea kumketisha karibu na kigoda chake kila jioni. Mzee asiye na nguvu tena za kwenda machungani asidhani hana kazi. Akiwa mahali pake kila siku, mtoto akija amkute, amefanya kazi ambayo fedha za chama haziwezi kuinunua.

Watu husema samaki mkunje angali mbichi, na sisi watu wa ziwa twajua maana yake. Kwa kawaida twautumia msemo huo kwa habari ya fimbo na makatazo. Kumbe mkunjo wa kwanza kabisa hufanywa kabla mtoto hajaelewa makatazo, wakati analia usiku na mtu anaamka, au hakuna anayeamka.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Naliacha shauri hili mikononi mwa Mkutano, nami narudi mezani kwangu kuandika mtakayoamua. Mwenyezi Mungu awabariki, na atupe mvua.